Pikapu ya Kimo cha Kitanda

Ukipita Dodoma mjini na pikapu iliyoshushwa, ile iliyolala chini mpaka mtu anadhani inaburuza tumbo, watu wanakuhukumu kabla hujakanyaga breki. Mhuni huyo. Mpenda sifa. Muziki mkubwa, akili ndogo. Nimeyasikia yote, tena mengine nimeambiwa usoni na watu ninaowatengenezea magari yao. Sikuwahi kumjibu mtu. Ningeanzia wapi? Ningesema, samahani mzee, hii nimeishusha kwa ajili ya nyonga ya mama yangu? Angenicheka zaidi.

Lakini ndiyo ukweli wenyewe, na leo nausema kwa sababu umenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mama anaishi Haneti, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba, pamoja na dada yangu, kitinda mimba wetu. Nyonga yake ya kushoto iliharibika taratibu, miaka na miaka ya kuinamia jembe, mpaka ikafika mahali hawezi kunyanyua mguu kupanda hata ngazi ya mlango wa kanisa. Kutembea alitembea, kwa mkongojo, polepole. Kukaa alikaa. Kupanda ndiko kulikomshinda. Na hospitali yake iko mjini, presha yake ilitaka aonekane na daktari mara kwa mara, na magari yote yanayopita kwetu ni marefu.

Mara ya mwisho kujaribu kupanda gari la watu ilikuwa Jumapili, ibada imetoka. Muumini mmoja aliyekuwa anarudi mjini alijitolea kumchukua, ili kesho yake asubuhi aende kliniki. Wanaume wakamnyanyua, mmoja kwapani, mwingine miguuni. Kanga ikafunguka. Mbele ya mchungaji, mbele ya wakwe, mbele ya akina mama anaoimba nao kwaya. Dada aliniambia mama hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Nishusheni." Wakamshusha. Akafunga kanga yake vizuri, akageuka, akaanza kutembea kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo akagoma. Presha na ipande, nyonga na ioze, ila kubebwa kama gunia habebwi tena na mtu yeyote.

Nikamfuata Haneti kumbembeleza. "Mama, bila hospitali utakufa."

"Nitakufa nimevaa nguo zangu," akasema.

Sasa mtu kama huyo unamwambia nini? Mama yangu akishasema, limesemwa. Nikarudi mjini nikiwa na hasira, si na yeye, na magari. Kazi yangu ni magari, mchana kutwa nalala chini ya magari ya watu, halafu mama yangu mzazi anakaa nyumbani akisubiri kufa kwa sababu ya kimo cha kiti. Hapo ndipo ilipokuja akilini pikapu ya baba.

Baba alipofariki aliacha pikapu ya kizamani, na ilikuwa imeegeshwa uani kwa kaka yangu mkubwa, Kizota, kuku wanatagia kwenye kiti. Kwetu kifungua mimba ndiye anayeshika vitu vya baba. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyewahi kuhoji, ndivyo ilivyo. Kaka ana kazi ya ofisini, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe. Nikaenda kuomba, shikamoo kaka, naomba lile gari la mzee nilifufue, nimpeleke mama hospitali. Akacheka. "Chukua. Chuma chakavu hicho kinakufaa wewe." Nikashukuru. Si ndiyo adabu tuliyofundishwa?

Mafundi wengi wanaoshusha gari wanaangalia tairi na bodi, vikaribiane kiasi gani ili ipendeze. Mimi sikuanzia huko. Nilikwenda Haneti na futi mfukoni nikapima kitanda cha mama. Kwa nini kitanda? Kwa sababu kitandani ndipo alipokuwa anakaa na kuinuka mwenyewe, bila mkono wa mtu. Nikamwambia akae, godoro libonyee, nikapima kutoka sakafuni mpaka pale lilipobonyea.

"Unanipimia jeneza?"

"Nakupimia kiti, mama."

"Haya, fundi." Alisema kwa kebehi, lakini alikaa wima na hakutikisika mpaka nilipomaliza.

Kiti cha pikapu kilikuwa juu ya kimo kile kwa zaidi ya shubiri. Gerejini kila mtu alikuwa na jibu. Pikapu za aina ile mbele hazina springi za mviringo. Zina chuma kirefu kinachojinyonga, sisi tunakiita tosheni, na kila upande kuna bolti moja ya kurekebishia. Ukilegeza bolti, mbele inashuka. Kazi ya muda wa kunywa chai. "Unajitesa bure," wakaniambia. "Legeza tu, bi mkubwa apande, maisha yaendelee."

Ngoja nieleze kwa nini sikulegeza, maana hili ndilo lililokuja kuniponza. Gurudumu la mbele limeshikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu, mmoja chini. Halafu kuna fimbo ya tatu inayotoka kwenye usukani, tairodi, ambayo ndiyo inayoligeuza gurudumu. Gari likikutana na tuta, gurudumu linapanda, na mikono ile pamoja na tairodi vinachora upinde hewani. Waliolitengeneza gari walihakikisha pinde hizo zinakwenda pamoja. Wewe ukilegeza bolti ukashusha mwili wa gari, mikono inaelekea juu, tairodi nayo inaelekea juu, lakini kila kimoja kwa pembe yake. Pinde zinaachana. Gari likifika kwenye tuta, gurudumu linapopanda tairodi inalivuta pembeni, na dereva hajagusa kitu. Kijana anayetembeza gari mtaani kwa madaha haoni shida. Usukani unamcheza kidogo, anacheka. Lakini kutoka Haneti mpaka mjini kila kijiji kina matuta yake, na anayekaa upande wa abiria ni mama mwenye nyonga mbovu.

Nilifagia sakafu ya gereji nikachora mbele yote ya pikapu kwa chaki, ukubwa wake halisi. Nikakata maboksi vipande vyembamba vikawa mikono na tairodi, nikavikaza kwa misumari ili vizunguke. Nikawa nalipandisha gurudumu la boksi na kulishusha, nikiweka alama kila linapofika. Wenzangu wakipita wanaruka mchoro wangu na kunitania. "Mwalimu, leo somo gani?" Potelea mbali. Nilipiga magoti pale mpaka suruali ikatoboka, na jibu likaja lenyewe, jepesi kuliko nilivyotegemea. Usiiguse mikono. Iache ilivyo. Kinachopaswa kupanda ni pale gurudumu linapoegemea. Kile chuma kinacholibeba gurudumu, tunakiita stabu, ukikitengeneza upya ili ekseli yake ndogo ikae juu zaidi, gurudumu linaingia juu kwenye bodi, mwili wa gari unashuka, na mikono haijui kama kuna kilichotokea. Pinde zinabaki pamoja. Gari linakuwa fupi na tabia yake haibadiliki.

Kusema ni rahisi. Nilimkabidhi kazi fundi mmoja mkereza vyuma, nikamkatalia kuchomelea popote panapobeba uzito, nikamrudishia kipande cha kwanza kwa sababu hakikuniridhisha, na cha pili vilevile. "Wewe unatengeneza pikapu au ndege?" akafoka. Nikamwambia anyamaze akereze. Nyuma kulikuwa kazi nyepesi, vipande vya chuma kati ya ekseli na springi bapa, basi. Halafu uzito, maana gari tupu halikai kama gari lenye watu. Nikaweka gunia la alizeti kwenye kiti cha abiria, nikapunguza, nikaongeza, mpaka likalingana na mama kwa makisio yangu. Nikamkalisha mwenzangu mmoja kwenye usukani, ndipo nikapima. Kimo cha kitanda. Nikapima tena kwa kutojiamini. Kimo cha kitanda! Nilicheka peke yangu kama kichaa, yule mwenzangu akashuka akaniuliza kama nimekula.

Nikaipeleka kwenye matuta ya barabara ya Kondoa, nikayapiga kwa mwendo wa kawaida, mikono nimeilegeza kwenye usukani kwa makusudi. Gari lilipanda, likashuka, likaenda mbele. Halikuvuta kulia wala kushoto.

Siku nilipoifikisha Haneti mama alitoka na mkongojo wake, akaizunguka yote, akatazama matairi. "Mbona imekaa kihuni?" akauliza. Dada akaangua kicheko. Nikafungua mlango, nikarudi nyuma, nikajizuia nisimguse. Mama akageuka akaupa mlango mgongo, akajishusha taratibu, akakaa. Kama kitandani. Kisha akaingiza mguu mmoja kwa mikono yake, akaingiza wa pili, akaweka kanga yake sawa juu ya magoti.

"Kumbe," akasema.

Jamani, nimesifiwa na wateja wakubwa na magari yao ya kifahari, lakini sifa tamu kama lile neno moja sijapata. Nilienda nyuma ya gari nikajifanya nakagua taa ili asinione ninavyolia.

Tangu hapo akawa anakwenda kliniki. Kila tarehe yake mimi ndiye dereva. Njiani alikuwa ananisimulia habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa, na tukifika kwenye tuta anashika dashibodi kwa mazoea tu, halafu anaachia. Akaanza kudai kwenda na kwingine. Kanisani, kwa shoga yake mgonjwa, sokoni kuchagua nyanya mwenyewe maana eti dada anachagua mbovu. Presha ikatulia. Daktari akamwambia anaonekana kijana, na yeye akamjibu kwamba ni kwa sababu anapanda gari la vijana.

Sasa kaka. Kwa kaka lile gari lilikuwa chuma chakavu mpaka siku alipoliona limesimama nje ya hospitali, rangi nimeshaipiga, vijana wawili wanapiga nalo picha. Akalizunguka kama mama alivyolizunguka, lakini macho yake hayakuwa kwenye kiti. Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binti wa bosi wake. Mnazijua kamati zetu, watu wanakaa vikao utadhani wanatunga katiba. Na harusi ya mjini bila pikapu ya matarumbeta kuongoza msafara haijawa harusi. Sikuhitaji kuambiwa anawaza nini.

Nilikuwa Mtera, nimeitwa kutengeneza jenereta ya watu wanaogandisha samaki, aliponipigia simu. Hakuniomba. Alikuwa ameshapita gerejini na kuondoka na gari.

"Kaka, wapiga tarumbeta wasijazane sana nyuma," nikamwambia. "Na mbele usiguse kitu. Kitu chochote."

"Unanifundisha gari la baba yangu?"

"La baba yetu."

"Ndiyo hilohilo," akasema, akakata.

Video ya harusi ile nimeiona, watu wote wameiona. Walipokuwa wanapamba magari, vijana wa msafara wakamwambia kaka kwamba pikapu bado iko juu, magari madogo yaliyoshushwa yamelala chini kuliko yenyewe, itatia aibu mbele. Na kaka, msomi wetu, akaona kwamba gari lililokwisha kushushwa likishushwa kidogo tena halina madhara. Si limeshazoea? Akawaambia walegeze. Wakaingia chini na spana, kazi ya muda wa kunywa chai, mbele ikalala mpaka tairi zikamezwa na bodi. Kwenye video matarumbeta yanalia, watu wanacheza, pikapu inakwenda mdogomdogo na maua yake, na kaka anatembea pembeni ndani ya suti akiwa ameweka mkono juu ya boneti. Ilipendeza. Sikatai. Ndiyo maana siwezi kuitazama.

Sifa alizopata zikamlevya. Jumatatu iliyofuata ilikuwa kliniki ya mama, na kaka, ambaye hakuwahi kumpeleka mama hata dukani, akampigia dada simu akasema safari hii anakuja yeye. Mimi nilikuwa bado Mtera, sikuambiwa. Bolti hakuzirudisha. Nani azirudishe, na kila anakopita watu wanageuka?

Dada alinipigia mchana. Alikuwa analia, nikasikia maneno mawili tu, mama na mtaro. Niliacha jenereta ya watu imefunguliwa tumbo nikadandia lori la samaki.

Ilikuwa hivi. Walipofika kijiji cha pili kutoka nyumbani kaka alilipiga tuta kwa mwendo wa mtu mwenye gari la kusifiwa. Mbele ikadunda, magurudumu yakajigeuza yenyewe kuelekea pembeni, na kabla hajakamata usukani pikapu ikaingia mtaroni. Yeye alikuwa ameshikilia usukani, hakupata hata mchubuko. Mama hakuwa na cha kushikilia. Alirushwa kwenye dashibodi, akaanguka sakafuni mbele ya kiti, na nyonga iliyovunjika ilikuwa ya kulia. Ile nzima. Madaktari wakasema kwa umri wake na presha yake upasuaji hawaushauri. Wakamlaza wiki kadhaa, kisha wakamruhusu arudi nyumbani akalale huko.

Nilipotoka kumwona wodini siku ile ya kwanza nilikwenda kulitazama gari. Lilikuwa limevutwa, limesimama nje ya nyumba ya mwenyekiti wa kijiji. Nikalala chini yake. Bolti za tosheni zilikuwa zinang'aa pale spana ilipopita. Mikono yote imenyooka kuelekea juu, raba za kuzuia mdundo zimepasuka, tairodi imepinda. Nililala pale kwenye vumbi na kutukana mpaka mama mmoja akaja kuwaondoa watoto wake wasisikie.

Nikamfuata kaka. "Ulilegeza."

"Gari umelitengeneza wewe," akasema. "Mimi nilikuwa naendesha tu."

Kwetu jambo kama hilo halipelekwi kwa mtu wa nje. Ni kikao cha familia. Tukakaa sebuleni Haneti, mama amelala chumba cha pili, mlango wazi. Mjomba, kaka wa mama, ndiye aliyeongoza. Tukaanza kwa sala. Mimi nilikuja na vile vipande vya boksi na misumari, nimevifunga kwenye gazeti, nikavipanga mezani ili niwaonyeshe jinsi pinde zinavyoachana. Mnaniona mpumbavu? Nilikuwa mpumbavu. Niliamini kabisa kwamba wakiona wataelewa.

"Weka maboksi yako chini, mwanangu," mjomba akasema, kwa upole, ndicho kilichonikera zaidi. "Hapa si gereji. Nina swali moja. Gari la shemeji yangu, enzi za uhai wake, liliwahi kumvunja dada yangu?"

"Hapana, mjomba."

"Nani alilibadilisha?"

"Mimi. Lakini kaka alipoli—"

"Nimekuuliza nani alilibadilisha."

"Mimi."

Nikamgeukia kaka. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Sentensi moja tu ilitosha, mjomba, mimi ndiye niliyewaambia walegeze. Hakuisema. Aliziangalia kamba za viatu vyake kama mtu anayesoma. Nikapandwa na hasira, nikasimama, nikaanza kupaza sauti, na mjomba akanyanyua mkono. Akasema familia inataka amani. Mdogo aombe radhi kwa mkubwa wake kwa kumpa gari bovu na kumfedhehesha, aombe radhi kwa mama, na yaishe. Nikamwambia ng'o! Niliapa kwa kaburi la baba kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwangu, maana kama kuna kitu nilichokifanya sawasawa katika maisha yangu ni lile gari. Dada akatokea mlangoni. "Mama anakuita," akaniambia.

Nikaingia. Alikuwa amelala chali, nywele hazijasukwa, mikono juu ya shuka. Nikapiga magoti pembeni yake.

"Mama, sikukosea. Naapa sikukosea. Kaka alilegeza—"

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Aliniambia njiani. Tulipokuwa tunatoka hapa. Akasema, mama unaionaje, nimeishusha zaidi ya alivyoweza huyo fundi wako. Alikuwa na furaha." Akavuta shuka juu kidogo. "Kwa hiyo najua."

Nilijua sasa yameisha, atamwita mjomba, atasema. Nikataka kuinuka. Akanishika mkono wa shati.

"Kaombe radhi."

"Mama?"

"Kaka yako akiaibishwa leo mbele ya wajomba, kesho haji tena. Namjua, nimemzaa. Atakaa huko mjini na hasira zake, na siku yangu ikifika nani atasimama pale mbele? Wewe hata nikikusema utakuja tu." Akanigusa shavu kwa kiganja. "Wewe umezoea."

Nilitaka kumuuliza nimezoea nini. Nimezoea lini. Nani aliyenizoesha. Mtu anabishanaje na mama aliyelala hivyo? Nikatoka, nikasimama katikati ya sebule, nikasema, "Naombeni radhi. Nilikosea vipimo." Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Mjomba akashukuru Mungu. Kaka akainuka, akaja, akanipiga begani mbele ya wote, akasema, "Yameisha, mdogo wangu, mimi nimekusamehe." Alinisamehe! Wakapiga makofi. Dada peke yake hakupiga.

Pikapu kaka aliiuza kwa watu wa harusi. Habari ya kikao ikatoka Haneti ikafika gerejini kabla yangu, na mteja mmoja niliyemhudumia miaka mingi akaja kuchukua gari lake likiwa nusu limefunguliwa, akasema kwa aibu kwamba mke wake ameogopa. Nikamfungia bolti zake akaondoka. Nilijiambia si kitu. Mama anajua. Kuna mtu mmoja duniani anayejua, na huyo mmoja ananitosha.

Majuzi tulimpeleka kliniki, mimi na dada. Alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, mimi nimesimama kichwani pake. Kaka hakuwapo. Mjomba hakuwapo. Hapakuwa na mtu wa kumlinda wala wa kumwogopa. Nesi mpya, binti mpole, akamwinamia akamuuliza, "Bibi, nyonga hii ilivunjikaje?"

Mama akanyoosha mkono akanishika vidole, akamtazama yule nesi, wala hakusita.

"Ni gari la huyu mwanangu," akasema. "Ni fundi huyu, fundi mzuri sana. Alikosea vipimo tu."

Nesi akaniangalia, akisubiri. Dada akageukia dirishani.

"Ndiyo," nikasema.